Zeri ya Kanaani na Utumbo wa Mbwa Jike: Majina ya Vileo katika Kitabu cha Venedikt Erofeev na Sumu Iliyokuwamo

Mnamo Desemba 1988 jarida moja la Moscow liitwalo Trezvost i kultura, yaani "Kujiepusha na Ulevi, na Utamaduni", lilianza kuchapisha kwa mafungu kitabu ambacho kwa miaka ipatayo 18 kilikuwa kikisomwa nchini humo kwa siri. Jarida hilo lilikuwa sauti ya chama kilichoundwa mwaka 1985 kwa ajili ya kupigana na ulevi katika Dola yote ya Kisovieti. Kitabu chenyewe ni cha mtu anywaye tangu mwanzo wa safari hata mwisho wake, na ambaye njiani hutua kidogo ili kumfundisha msomaji namna ya kuchanganya vileo. Lakini ndani ya bilauri zake mna manukato, vanishi, gundi, rangi ya kucha, dawa ya mba, mafuta ya breki na dawa ya kuua wadudu.

Kwa jarida la namna ile kitabu hicho hakikuwa na budi kusomwa kama onyo. Wasomaji wengine, nao ndio wengi, wamekisoma kama mzaha. Masomo yote mawili yana haki yake, lakini yote mawili huacha jambo moja kando. Vitu vilivyotiwa katika bilauri zile mtungaji hakuvibuni. Karibu vyote vilikuwa vikinywewa kweli na watu wa kweli, kabla ya kitabu na baada yake. Alichokibuni ni majina na vipimo. Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya sumu hizo hana budi kuanza na lugha, maana ni lugha iliyozifanya zinyweke.

Mtungaji huyo, Venedikt Vasilyevich Erofeev, alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1938 katika pande za rasi ya Kola, kaskazini kabisa mwa Urusi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1945 alikamatwa kwa mashtaka ya kisiasa, na mtoto akakaa miaka kadhaa katika makao ya watoto mjini Kirovsk. Alimaliza shule kwa nishani ya dhahabu, akaingia Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1955 kusoma fani ya lugha na fasihi, na mwaka 1957 akatolewa. Baadaye alijaribu vyuo vya ualimu vya miji midogo, navyo havikumvumilia. Kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na kutandaza nyaya za simu chini ya ardhi, akihama na kikosi chake kutoka mkoa huu hata mwingine. Mtu aliyeisoma Biblia na washairi wa Kirusi kwa makini kuliko walimu wengi wa chuo alilala katika mabehewa ya vibarua na kunywa walichokunywa vibarua. Hali hiyo ndiyo iliyokizaa kitabu.

Moskva–Petushki kiliandikwa kati ya mwaka 1969 na 1970. Mwenye kusimulia, aitwaye Venichka kwa jina la kupendelea la mtungaji mwenyewe, anapanda treni ya umeme katika stesheni ya Kursk mjini Moscow, akielekea Petushki, mji mdogo wa mkoa wa Vladimir ulio umbali wa kilomita zipatazo 125 upande wa mashariki. Huko yuko mwanamke ampendaye, na mbele ya huko yuko mwanawe mdogo. Sura za kitabu zimepewa majina ya masafa kati ya kituo na kituo. Mtungaji alikiita kitabu chake "poema", kama Gogol alivyokiita kitabu chake cha Nafsi Zilizokufa mwaka 1842. Neno hilo Kiswahili hakina mwenziwe, kwa kuwa utenzi hauwi utenzi pasipo mizani na vina, ilhali maandiko yote mawili ni nathari. Venichka hafiki Petushki. Treni humrudisha Moscow gizani, na huko watu wanne wasiojulikana humwua.

Hakuna mchapaji wa serikali ambaye angekigusa kitabu cha aina hiyo. Kilipigwa taipu nakala kwa nakala, kikapita mkono kwa mkono, mpaka kikachapishwa Jerusalem mwaka 1973 katika jarida la wahamiaji, na Paris mwaka 1977. Tafsiri ya Kifaransa ilitangulia mwaka 1976, nayo ikaitwa Moscou-sur-Vodka, kana kwamba Moscow ni mji uliojengwa kando ya mto uitwao vodka. Dhihaka nzuri, ila humwahidi msomaji kinywaji ambacho katika sura za mapishi karibu hakionekani kabisa.

Mapishi yenyewe ni machache. Yanayokumbukwa zaidi ni manne, na kila moja lina jina la fahari. La kwanza ni Khanaanski balzam, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Zeri ya Kanaani". Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua neno zeri katika kitabu cha Yeremia, pale nabii anapouliza juu ya dawa ya Gileadi. Basi na atazame ndani ya chupa: bia nyeusi, spiriti ya kuwashia majiko, na vanishi ya kung'arishia samani. La pili ni Dukh Zhenevy, "Roho ya Geneva". Hapa mtungaji amecheza na neno moja kwa namna tatu. Roho ya Geneva ilikuwa kauli ya magazeti baada ya wakuu wa dola nne kukutana mjini humo mwaka 1955 na ulimwengu ukatumaini amani. Lakini dukh katika Kirusi cha watu ni harufu pia, na wingi wake, dukhi, kwa mkazo uliohamia silabi ya mwisho, ni manukato. Nayo manukato ya maua ndiyo sehemu ya kwanza ya mchanganyiko huo, yakifuatwa na dawa ya kuzuia jasho la miguu. Kiswahili hakiwezi kuyakusanya yote hayo. Roho yetu hainukii, na spiriti yetu haina amani ndani yake.

La tatu ni Sleza komsomolki, "Chozi la Msichana wa Komsomol". Komsomol ulikuwa umoja wa vijana wa Chama cha Kikomunisti, uliasisiwa mwaka 1918, na msichana wa Komsomol katika nyimbo, filamu na mabango alikuwa sura ya usafi na ushupavu. Kulifanya chozi lake kuwa jina la mchanganyiko wa losheni za mwili, rangi ya kucha, dawa ya kusukutulia kinywa na soda ya limau ni kufuru ya kisiasa. Hata hivyo chozi hilo lina asili nyingine. Msomaji wa Kirusi, asikiapo habari ya chozi la asiye na hatia, hukumbuka mara moja chozi la mtoto katika Ndugu Karamazov wa Dostoevsky, kitabu kilichokamilika mwaka 1880, ambamo chozi hilo hupimwa na kuonekana zito kuliko mapatano ya ulimwengu mzima. Erofeev amelipima chozi kwa gramu.

La nne, na ndilo lenye sifa mbaya kupita yote, ni Suchi potrokh. Potrokh ni matumbo na vya ndani vya mnyama aliyechinjwa. Sifa iliyotangulia imetokana na mbwa jike, ambalo kwa Kirusi ni tusi kama lilivyo kwingi. "Utumbo wa Mbwa Jike" ni tafsiri ya haki. Mtungaji anakitukuza kinywaji hiki kuwa kilele cha vyote, akisema kwamba kimepita kuwa kinywaji na kuwa muziki wa mbinguni. Kisha anavitaja viungo vyake, na humo ndimo mlimo shampuu, dawa ya mba, gundi, mafuta ya breki na dawa ya wadudu, vyote juu ya bia ya Zhiguli, na vyote vimekaa juma zima pamoja na tumbaku. Kati ya yote manne, hili peke yake ndilo ambalo jina lake halidanganyi.

Sasa itazamwe namna mapishi yalivyoandikwa. Kila kiungo kina gramu zake. Kuna masharti ya namna ya kukoroga: Chozi la Msichana lazima likorogwe kwa kijiti cha mmea fulani, na mtungaji anawashutumu kwa ukali wanaotumia mmea mwingine. Kuna hata maelezo ya kipimo na matokeo yake, jinsi kiasi hiki kinavyoacha kumbukumbu na kuondoa akili, na kiasi kile kinavyofanya kinyume. Hiyo si lugha ya mlevi. Ni lugha ya ofisi ya viwango, ya kitabu cha mafunzo ya kazi, ya maabara. Dola ya Kisovieti iliandika kiwango cha kila kitu, kutoka soseji hata parafujo, na raia alizoea kukutana na gramu na namba popote alipogeuka. Mlevi wa Erofeev ameichukua sauti hiyo na kuivika sumu.

Jambo hilohilo liko mahali pengine katika kitabu, pasipo na mapishi. Venichka alipata kuwa msimamizi wa kikosi cha watandaza nyaya kwa muda mfupi, na katika muda huo alichora michoro iliyoonyesha, siku kwa siku, kila mtu wa kikosi alikunywa kiasi gani cha pombe kwa hesabu ya kileo halisi. Mistari ikapanda na kushuka, na kila mtu akaonekana roho yake ilivyo. Michoro hiyo ikafika kwa wakubwa kwa makosa, pamoja na ahadi za kikosi za kuongeza uzalishaji, na msimamizi akafukuzwa. Kosa lake lilikuwa kupima kilichokuwapo, badala ya kile kilichotakiwa kuwapo. Na yafaa kukumbuka kwamba mapenzi ya kuivika pombe vazi la elimu hayakuanza na Venichka. Hata leo wako Warusi wengi waaminio kwamba mkemia Mendeleev, kwa tasnifu yake ya mwaka 1865, ndiye aliyegundua kuwa vodka ifaayo ni ya nguvu ya sehemu 40 kwa 100. Tasnifu ipo, nayo inahusu muungano wa spiriti na maji. Lakini haisemi lolote juu ya vodka ifaayo.

Basi vitu hivyo vya dukani vilianzaje kunywewa? Serikali ya Kirusi iliishika biashara ya vodka mikononi mwake katika miaka ya 1890, na mapato yake yakawa robo au zaidi ya mapato yote ya dola. Ilipoanza vita mwaka 1914, Mfalme Nicholas II aliamuru uuzaji wa vodka ukome. Ukame huo ulirithiwa na Wabolsheviki baada ya mapinduzi ya 1917, na haukuondolewa kabisa mpaka mwaka 1925, vodka ya nguvu kamili iliporudi madukani. Katika miaka hiyo 11 watu walijifunza elimu ambayo haikusahauliwa tena: kwamba vanishi ni laki iliyoyeyushwa katika spiriti, kwamba odikoloni ni spiriti iliyotiwa manukato, kwamba spiriti ya kuwashia ni spiriti ileile iliyoharibiwa makusudi ili isinywewe. Kwa macho ya mlevi, duka la vifaa vya nyumbani likawa duka la pombe lenye lebo za uwongo.

Elimu hiyo ilidumu hata vodka ilipopatikana, kwa sababu mbili tu: bei na saa. Chupa ndogo ya odikoloni iliyoitwa Troinoi, "ya Utatu", ilikuwa na nguvu kupita vodka na bei yake ilikuwa ya chini. Nayo saa ya kuuza pombe ilikuwa na mipaka, ilhali hakuna aliyeweka mipaka ya saa ya kununua manukato. Vilevile kulikuwa na mahali ambapo pombe haikufika kabisa: kambi za wafungwa, vituo vya kaskazini, meli, viwanda. Huko lugha ilifanya kazi yake. Gundi ya chapa BF, ambayo utomvu wake umeyeyushwa katika spiriti, ilipewa na watu heshima ya jina kamili, Boris Fyodorovich, yaani jina la mtu na la baba yake, kama aitwavyo mtu mzima mwenye cheo. Hapo hakuna mtungaji. Hilo ni jina la mitaani, lililotangulia na kukizunguka kitabu cha Erofeev, na ndilo linaloonyesha kwamba alichofanya yeye ni kuendeleza desturi: kitu kisichonyweka hupewa jina la mtu unayeweza kuketi naye.

Kuhusu madhara, wahakiki wa fasihi aghalabu hupita mbio, nao madaktari hawasomi wahakiki. Yafaa yasemwe waziwazi. Laki ya vanishi huyeyuka katika spiriti lakini haiyeyuki katika maji. Ikifika tumboni huganda, na kuna wagonjwa waliopasuliwa ili kutolewa mabonge yaliyokuwa magumu kama mawe. Rangi ya kucha ni asetoni na vimumunyisho jamaa zake, ambavyo huuchoma utando wa koo na kulewesha ubongo. Mafuta ya breki ya siku hizo yalikuwa ya namna mbalimbali. Namna moja ilikuwa butanoli na mafuta ya mbarika. Namna nyingine ilikuwa na glikoli, na glikoli ikiingia mwilini ini huigeuza kuwa asidi ya oksaliki, ambayo hushikana na kalisi ya damu na kujenga vipande vidogo kama vioo ndani ya figo. Mtu huyo hulewa siku ya kwanza, huonekana kupata nafuu, kisha mkojo wake hukatika.

Spiriti ya kuwashia ni hatari kwa sababu ya ndugu yake, methanoli, ambayo aghalabu hutiwa ndani yake makusudi au huingia kwa udanganyifu wa wauzaji. Methanoli haitofautiani na spiriti ya kunywa kwa sura wala kwa harufu iliyo wazi. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo asidi hiyo hushambulia mshipa wa macho. Anywaye kidogo hupofuka, anywaye zaidi hufa. Na dawa mojawapo ya zamani ya sumu hiyo, iliyotumika hospitalini kwa miongo mingi, ni spiriti safi ya kunywa, kwa sababu ini likishughulika nayo huiacha methanoli itoke bila kugeuzwa. Erofeev angelipenda jambo hilo.

Dawa ya kuua wadudu ndiyo iliyo mbaya kuliko vyote. Nyingi za miaka ile zilikuwa za jamii ya fosforasi, na kazi yake ni kukizuia kimeng'enya kinachokomesha ishara ya fahamu ikishafika kwenye msuli. Mdudu hufa kwa kukakamaa. Mtu naye hali yake ni ileile: mate, jasho na machozi humtiririka bila kukoma, misuli hutetemeka, pumzi hukatika. Mtu mmoja hawezi kuunywa Utumbo wa Mbwa Jike mara mbili. Katika hili mapishi ya nne yanatengana na yale mengine. Zeri ya Kanaani na mengineyo ni taarifa ya mambo yaliyokuwa yakitendeka, yamepambwa kidogo tu; Utumbo ni upeo wa mantiki hiyo, mahali ambapo duka zima la vifaa limemiminwa katika bilauri moja. Mtungaji alijua alipouvuka mpaka. Ndiyo sababu, labda, jina la kinywaji hicho peke yake ni chafu na la kweli.

Miaka 15 baada ya kitabu kuandikwa, dola yenyewe iliyarudia majaribio ya 1914. Azimio la Mei 1985, lililotolewa miezi miwili baada ya Gorbachev kushika uongozi, lilipunguza utengenezaji wa vodka, likapandisha bei yake, na kuzuia isiuzwe kabla ya saa nane mchana. Hapana budi kutoa haki inapostahili: watu wengi waliokoka. Umri wa kutumainiwa kuishi kwa wanaume wa Urusi, ambao mwaka 1984 ulikuwa chini kidogo ya miaka 62, ulifika karibu miaka 65 mwaka 1987. Si hatua ndogo, na wanaoicheka kampeni hiyo kwa sababu ya mashamba ya mizabibu yaliyofyekwa huisahau. Lakini upande mwingine sukari ikatoweka madukani kwa sababu ya gongo la majumbani, odikoloni na gundi vikawa adimu, na hospitali zikapokea watu waliokunywa yale ambayo Venichka aliyaandikia gramu. Jarida la wapinga ulevi lilipoanza kukichapa kitabu mwishoni mwa 1988, kampeni ilikuwa imekwisha kuchoka. Kitabu kilitoka kwa kupunguzwa. Wasomaji wa nyumbani walikipata bila kuondolewa maneno yake mwaka 1989, katika mkusanyo ulioitwa Vest.

Dola ilipovunjika na bei ya vodka kushuka kulinganishwa na vitu vingine, umri ule wa wanaume ulianguka, ukafika miaka ipatayo 57 na nusu mwaka 1994. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Izhevsk, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2007, uliwatazama wanaume wa umri wa miaka 25 hadi 54 waliofariki kati ya 2003 na 2005, ukakadiria kuwa vifo 43 katika kila 100 vilitokana na unywaji wa hatari, ukiwamo unywaji wa odikoloni, dawa za maji za maduka ya dawa na vimiminiko vya kusafishia. Mwaka 2006 ukazuka ugonjwa wa ini ulioenea mikoani. Watu zaidi ya 12,000 walilazwa hospitalini wakiwa wamegeuka rangi ya manjano, na waliokufa walikuwa karibu mmoja katika kila kumi. Walikuwa wamekunywa dawa ya kuulia vijidudu iliyouzwa kama pombe. Na Desemba 2016, mjini Irkutsk, watu zaidi ya 70 walikufa kwa kunywa losheni ya kuogea iliyokuwa na methanoli. Losheni hiyo iliitwa Boyaryshnik, jina la mti wenye matunda mekundu ambayo Warusi wameyatumia tangu zamani kama dawa ya moyo. Lebo ya chupa ilikataza kunywa. Walisoma jina.

Erofeev hakuyaona hayo. Mwaka ule ule wa kampeni, 1985, alipasuliwa kwa saratani ya koo, akapoteza sauti yake, na kuanzia hapo alisema kwa msaada wa chombo kilichowekwa shingoni. Alifariki Moscow tarehe 11 Mei 1990. Shujaa wake, katika kitabu kilichoandikwa miaka 15 kabla ya ugonjwa huo, aliuawa kwa kuchomwa msumari wa mshona viatu kooni. Wengi wameona unabii hapo. Mwanahistoria hana haja nao. Mtu aliyeishi na vibarua wale, akivuta sigara na kunywa jinsi alivyokunywa, hakuhitaji ufunuo ili ajue koo ndilo litakalotangulia.

Linabaki swali la tafsiri, ambalo kwa wanafunzi wa Kiswahili si dogo. Atakayekileta kitabu hiki katika lugha yetu hatakosa maneno ya kutumia, kwa maana watu wetu nao wamefanya kazi ileile ya kupamba sumu. Gongo limeitwa "machozi ya simba", na hapo chozi linakutana na chozi, ingawa moja ni la msichana na jingine la mnyama. Nchini Kenya ile iliyoitwa "kumi kumi", kwa kuwa bilauri yake ilikuwa shilingi kumi, ilibeba jina lisilo na pambo lolote ila bei. Mnamo Novemba 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi, na wengine wakapofuka. Waganda walilichukua jina waragi kutoka Kiingereza, yaani jini ya wakati wa vita, wakalifanya lao kabisa. Lakini tofauti moja haina budi kuangaliwa. Majina yetu hutaja nguvu ya kinywaji, au bei yake, au asili yake. Majina ya Erofeev huivaa lugha ya wakubwa: Biblia, mkutano wa dola kuu, umoja wa vijana. Mfasiri atakayeandika "machozi ya simba" pale penye Sleza komsomolki atapata kicheko na kuipoteza dola yote iliyokuwamo ndani ya chozi.

Afadhali basi neno Komsomol lisiachwe kama lilivyo, kwa sababu kwa msomaji wa leo ni jina geni lisilochoma. "Chozi la Binti wa Umoja wa Vijana" ni refu, wala halina mdundo wa Kirusi. Hata hivyo msomaji wa Tanzania aliyekulia katika gwaride na nyimbo za vijana wa chama atashtuka kidogo alionapo jina hilo juu ya bilauri ya rangi ya kucha, na mshtuko huo ndio alioupata msomaji wa Moscow mwaka 1970, alipokuwa ameshika nakala iliyofifia wino, mlango umefungwa. Kwa Utumbo wa Mbwa Jike hakuna la kubadili.